Miguu Iliyobaki Kwenye Tope

Binti yangu Neema ndiye aliyesikia harufu kwanza. Tulikuwa jikoni kwa mama yangu, kijijini Daudi, jioni ya baridi ya mwezi wa saba. Mimi nilikuwa kwenye kiti, miguu nimeielekezea motoni, ninamenya vitunguu saumu ili angalau nionekane nina kazi.

"Baba," akasema, "nini kinaungua?"

Nikatazama sufuria. Ugali ulikuwa bado ni maji. Nikamwambia labda ni gunia limeshika cheche. Neema akainama kutazama chini ya kiti changu, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto wangu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeteleza, unyayo umelala juu ya kuni yenye kaa. Ngozi ilikuwa imeshakunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Na mimi nilikuwa na kitunguu mkononi, ninaendelea kumenya.

Mke wangu Rebeka alikuja mbio kutoka nje, akauvuta mguu kwa mikono miwili na kuumwagia maji. Nilikuwa ninamtazama kama mtu anayetazama ajali ya mwingine. Sikusikia moto. Sikusikia maji. Kilichonitisha hakikuwa kidonda. Kilichonitisha ni kwamba nyama inayoungua ilikuwa yangu na mimi sikuwamo.

Naitwa Danieli. Kwa wanaonijua zamani ni Danieli wa mashine, kwa sababu nilikuwa na mashine ya kusaga pale Jorodom, Katesh, chini ya Mlima Hanang. Ninaandika haya kwa sababu najua kuna watu huku kwetu ambao wametoka kwenye jambo baya wakiwa wazima, wameambiwa wamshukuru Mungu, na wanashukuru kweli, lakini mwili wao haujarudi nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sikujua kwamba jambo kama hilo lipo.

Siku mlima uliposhuka kwa maporomoko ya tope, Rebeka na Neema walikuwa Bashay kwa wakwe zangu, baba mkwe alikuwa anaumwa. Nyumbani nilikuwa na kaka yangu Petro, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu. Alikuwa ameleta vitunguu kwa ajili ya mnada, akalala kwangu. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Alfajiri nikasikia mngurumo. Nilidhani kuna mtu amewasha mashine yangu, nikakasirika, nikaamka niende kumgombeza. Nilikuwa nimefika mlangoni ukuta ulipoingia ndani.

Sitaeleza yote. Walioona wanajua, na wasioona hawatasaidika kwa mimi kuyapanga hapa. Nilijikuta nimesimama wima, tope limenifika kifuani, gogo limenibana mgongoni na jiwe mbele. Kulipokucha vizuri, vijana wa mtaani na askari walinichimbua kwa majembe na mikono. Petro walimkuta baadaye, chini, karibu na pale nilipokuwa.

Hospitalini walinipiga picha za mifupa, wakasema hakuna uliovunjika. Mgongo mzima, nyonga nzima, miguu mizima. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amefungwa plasta mpaka kiunoni, akaniambia, "Wewe una bahati, ndugu." Siku ya kuruhusiwa nikajaribu kushuka kitandani. Nikaanguka kama gunia la mahindi. Nikajaribu tena, nikaanguka tena. Nilikuwa ninaiona miguu yangu, ina vidole vyake vyote, lakini kuanzia magotini kwenda chini haikuwa na mtu.

Daktari akasema ni uchovu, itarudi. Nikabebwa mpaka Daudi kwa mama.

Kwetu sisi Wairaqw mama tunamwita Ayo. Ayo alikuwa amemzika Petro mimi nikiwa bado hospitalini. Nilipofika, aliniwekea godoro chumba cha mbele, akanifunika, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Nilijua anachotaka kuuliza. Mimi ndiye niliyekuwa na mwanawe mwisho. Hakuuliza. Akasema tu, "Umefika. Pumzika." Siku ile, na wiki ile, na miezi iliyofuata, swali lile lilikaa naye mezani, likalala naye, likaamka naye, na mimi nilikuwa ninaligeuzia uso ukutani.

Watu walipalilia, mimi niko kitandani. Wakavuna maharage. Wachungaji walikuja kuniombea, na nilisema amina kwa moyo wangu wote. Mjomba akaleta mtu wa dawa kutoka mbali, akanichanja magotini kwa wembe. Damu ilitoka. Nilimshangaa anavyofanya kazi ile kwa uangalifu kwenye mguu ambao haukuwa unasikia chochote.

Rebeka ndiye aliyekuwa ananiogesha. Alikuwa anaamka kabla ya jua, anakamua, anaenda shambani, anarudi, ananibeba mgongoni kunipeleka chooni. Mimi ni mwanaume mrefu, vidole vyangu vilikuwa vinachora mchanga nyuma yake. Alikuwa ananishika, na mimi sikuwa ninamsikia, hata mikono yake mabegani ilikuwa kama ya mtu aliye chumba kingine. Nikaacha kuongea naye. Sikuwa na hasira, sikuwa na huzuni hata. Sikuwa na kitu. Siku moja aliweka ndoo chini, akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba Neema, kila mtu anasema ulitoka kwenye tope. Mimi sijakuona ukitoka."

Hiyo ilikuwa kabla ya moto.

Kidonda cha moto ndicho kilichoniokoa, ingawa ningeambiwa hivyo wakati ule ningemtukana aliyesema. Nilipelekwa hospitali Mbulu mjini kukisafisha. Nesi mmoja mama wa makamo alikuwa anakwangua ngozi iliyokufa, na kila mara ananitazama usoni akisubiri nipige kelele.

"Husikii?" akauliza.

"Sisikii."

Akaacha kukwangua. "Ulikuwa Katesh wakati ule?"

Sikuelewa amejuaje. Akasema wapo wengine. Mmoja haoni jicho moja na jicho halina ugonjwa, mwingine sauti imekauka. Akaniambia kuna mtu ningepaswa kumwona, chumba cha mwisho kwenye korido, siku ya Alhamisi. Nilipofika pale mlangoni nikasoma maneno "Afya ya Akili", nikamwambia Rebeka anirudishe nyumbani. Mimi sikuwa kichaa. Rebeka akaweka mkoba wake kwenye benchi, akaketi, akasema, "Rudi basi. Tembea."

Tukabaki.

Lile benchi nitalikumbuka mpaka kufa. Ni la mbao, refu, limeegemea ukuta wa rangi ya kijani uliochubuka kwa vichwa vya watu. Alhamisi ya kwanza palikuwa na mama mmoja wa Jorodom niliyekuwa ninamsagia mahindi. Tulitazamana, hatukusalimiana. Kusalimiana kungekuwa na habari za nyumbani ndani yake. Alhamisi ya tatu akanisogezea nusu ya hindi la kuchoma, bila kusema neno. Nikapokea. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Mtu wa chumba cha mwisho alikuwa binti kutoka Tanga, Mwanaidi, amejitanda mtandio, mdogo kwangu kwa miaka mingi. "Shikamoo," akasema kabla sijafika kwenye kiti. Mimi nilimwita daktari, yeye akasema ni mshauri tu, nikaendelea kumwita daktari. Nilikuwa nimejiandaa kukataa kusimulia. Hakuniuliza. Aliniuliza kiti kikoje.

"Kiti?"

"Ndiyo, baba. Kinakushika wapi?"

Nikamtazama Rebeka. Nikaona huyu binti ametumwa na serikali kupoteza muda wa watu. Lakini nilifumba macho kama alivyotaka, nikatafuta. Nilishangaa kwamba ilibidi nitafute. Mgongo ulikuwepo, kidogo. Mapaja yalikuwepo, kwa mbali. Baada ya hapo, giza. Akaniambia nipumue nje polepole kuliko ninavyopumua ndani. Akaniuliza ninasikia sauti gani dirishani. Kuku. Mtu anapiga deki. Hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya siku ile, na nilipanda bodaboda kurudi Daudi, mimi katikati na Rebeka nyuma amenikumbatia nisianguke, nikiwa na uhakika kwamba sitarudi tena.

Nilirudi kwa sababu ya jambo dogo. Usiku ule nililala mpaka asubuhi. Rebeka aliamka akiwa ameogopa, akaniwekea mkono puani kuona kama ninapumua.

Basi ikawa Alhamisi baada ya Alhamisi, tangu mahindi yanakauka shambani mpaka watu wanachoma mabua. Daktari Mwanaidi alikuwa na sinia la maharage makavu ya kupanda, anaweka miguu yangu ndani yake. Alikuwa anauliza kila mara, mpaka uko wapi? Mpaka ulikuwa ni pale ambapo mguu wangu unaishia na ule usio na mtu unaanza. Mwanzoni ulikuwa juu ya magoti. Ukashuka chini ya magoti. Ukafika katikati ya muundi. Nyumbani Neema alikuwa ananipima kwa unyasi, "Hapa? Na hapa je?" na nilipomwambia "Hapo unanitekenya," alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia mtoto wangu akicheka tangu mlima.

Ulipokaribia kifundo cha mguu wa kushoto, mpaka ukagoma. Wiki zikapita. Nikawa nikifika pale, pumzi inakata na jasho linanitoka katika kile chumba cha baridi.

Siku ile daktari alimwomba Rebeka asaidie. Alitaka aniwekee mikono miguuni taratibu, kutoka gotini kushuka, ili niwe ninashikwa na mtu wangu. Rebeka akapiga magoti sakafuni. Mikono yake ilikuwa ya moto, kwa mara ya kwanza niliisikia kwamba ni ya moto. Ikashuka. Ikafika kwenye kifundo, vidole vikazunguka, vikashika.

Nilipiga kelele. Sikuamua kupiga, ilitoka. Na mguu, ule mguu uliokuwa umekufa zaidi ya nusu mwaka, ukamrusha Rebeka mpaka kwenye meza. Kisha miguu yote miwili ikaanza kutetemeka kwa nguvu, kiti kikawa kinagonga sakafu. Nilijua ni kifafa. Nilijua ninakufa. Mdomo wangu ulijaa ladha ya udongo, nikatapika, na nilitafuta tope kwenye matapishi kwa sababu nilikuwa na uhakika nitaliona. Nje kwenye benchi watu walinyamaza wote.

Daktari Mwanaidi alikuwa amebadilika rangi. "Nimekwenda haraka," akasema. "Nisamehe, baba. Nitazame mimi. Uko Mbulu. Huyu ni Rebeka. Iache miguu itetemeke, usiizuie. Inamaliza."

"Inamaliza nini?" Rebeka akauliza kutoka sakafuni, analia.

Nami nikajibu. Nilikuwa sijasahau hata siku moja. Nilikuwa nimefunga mlango na kuegemea kwa uzito wangu wote.

Niliwaambia kwamba pale chini ya tope, mtu alinishika kifundo cha mguu. Mguu wa kushoto. Vidole vyote. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili tu, kwa hiyo nilijua ni nani. Nilijaribu kuinama, gogo halikuniruhusu. Nilijaribu kuinua mguu nimvute, haukwenda. Nikawa ninaita, "Petro! Petro!" kana kwamba ataniitikia kutoka kule. Alikuwa anabana, anaachia, anabana tena, kama mtu anayebisha hodi. Nikawa ninajibu kwa vidole vya mguu, ninavikunja, nadhani alisikia. Halafu akabana mara moja kwa nguvu sana. Halafu vidole vikalegea, kimoja kimoja.

Na mimi nilibaki nimesimama juu yake mpaka watu walipokuja.

Rebeka alitambaa akaja akaweka kichwa chake mapajani mwangu, na nilisikia uzito wa kichwa chake, na maji ya macho yake yanapita kwenye suruali. Nilimsikia. Nilimwambia, "Nakusikia."

Nisidanganye mtu: hali haikuwa nzuri baada ya siku ile. Ilikuwa mbaya zaidi. Maumivu yalikuja. Kidonda cha moto kilichokuwa kimya kikaanza kuuma kama kimeungua jana. Nilikuwa ninalia nikiona matope ya kawaida ya barabarani. Alhamisi mbili sikwenda. Ya tatu, daktari alimpigia Rebeka simu, hakubembeleza, alisema tu kwamba safari hii mwendo nitaupanga mimi. Nikaenda.

Tulikwenda polepole mno. Alinilaza chali kwenye mkeka na kuniambia nisukume ukuta kwa nyayo, kwa nguvu ninayotaka, niache ninapotaka. Akasema siku ile mwili wangu ulitaka kukimbia, ukatafuta miguu, ukazuiwa, na haujaambiwa kwamba imekwisha. Sijui kama ndivyo wanavyofundishwa shuleni. Najua kwamba nilisukuma ukuta ule wa kijani mpaka nikaloa, na nilipoacha, nyayo zangu zilikuwa zinawaka, zote mbili. Baadaye alinifungulia sauti ya mashine ya kusaga kwenye simu yake, ndogo kama mbu, huku ninashika ukuta. Mara ya kwanza nilimwambia azime. Mara nyingine nikasikiliza mpaka mwisho, nikamwambia hiyo mashine mkanda wake umelegea.

Mvua zilipoanza nilisimama kwa magongo. Watu walipopanda nilikuwa na gongo moja. Yule mama wa benchi, siku aliponiona ninaingia kwa miguu yangu, alifunika mdomo kwa kanga, kisha kwa mara ya kwanza akanisalimia. "Habari za nyumbani, Baba Neema?" Nikamwambia nyumbani wapo. Nikamwuliza za kwake. Akanieleza za kwake, zote, na mimi nilikaa nikasikiliza.

Wewe unayesoma na una mguu au mkono au sauti ambayo hospitali zote zinasema ni nzima, siwezi kukuahidi kitu. Bado ninachechemea jioni, na ngurumo ya mbali hunikausha koo. Ila nakuambia usikubali mtu akuambie unajifanya, na usikubali kujiambia hivyo mwenyewe. Mtafute mtu anayejua kwenda polepole. Nenda na mmoja wa nyumbani kama yupo, na mwambie kabisa kwamba kuna siku atarushwa mezani.

Ilibaki Ayo.

Daktari hakunituma. Alisema tu nitajua mwenyewe kama ninataka. Asubuhi moja ya ukungu, mahindi yakiwa yamefika magotini, nilitembea bila gongo kutoka kwenye nyumba mpaka kibarazani alipokuwa ameketi anapeta maharage. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, akasogea nipate nafasi. Nilikuwa nimeogopa siku ile kuliko nilivyoogopa kwenye tope, kwa maana pale sikuwa na la kuchagua.

"Ayo, nataka nikuambie kuhusu Petro."

Ungo ukasimama.

Nilimwambia yote. Sikupunguza kitu. Nilimwambia kubana na kuachia, na vidole kimoja kimoja. Nilikuwa ninatazama shamba, kwa kuwa sikuweza kumtazama mama ambaye ninamweleza jinsi mwanawe alivyokata roho chini ya miguu ya mdogo wake. Nilipomaliza nilisubiri alie, au anyanyuke aende zake, au aniulize kwa nini sikumvuta.

Ayo alitazama shamba mpaka ukungu ukaanza kuachia miti ya mbali. Kisha akapumua, pumzi ndefu sana, ya mtu aliyetua mzigo baada ya mlima.

"Kumbe hakufa peke yake," akasema.

Nikamgeukia.

"Mwaka mzima namwona peke yake gizani, ananiita," akasema. "Kumbe alikushika. Na wewe ulimjibu." Akaweka ungo chini. "Ni upi?"

Nikamnyooshea mguu wa kushoto. Alikunja suruali yangu kama nilipokuwa mtoto, akakizungusha kifundo kwa mikono yake miwili mikavu yenye vumbi la maharage, akakishika. Pumzi yangu ilikata. Nikaitoa nje polepole, kama nilivyofundishwa. Mguu ulitetemeka kidogo, ukatulia. Machozi yake yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kuachia.

Tulikaa hivyo mpaka Neema akaja kutuita chai.

"Mguu wako una baridi, Danieli," Ayo akasema hatimaye, sauti imekwaruza. "Kavae soksi."

Ulikuwa na baridi kweli. Nilikuwa ninaisikia.